Mshika Kibendera kutoka Migori

Uamuzi unaokumbukwa zaidi wa Aden Range Marwa haukufanyiwa uwanjani. Hakukuwa na mpira wala mstari wa chokaa, hakukuwa na mshambuliaji aliyemtangulia beki kwa ncha ya kiatu. Kulikuwa na kamera iliyofichwa, mtu aliyejifanya ofisa wa soka kutoka Ghana, na dola 600. Mwalimu wa sekondari kutoka kaunti ya Migori, mtu aliyekuwa ameshaenda Kombe la Dunia moja na anajiandaa kwa la pili, akazipokea. Basi. Kwa yeyote aliyemjua kupitia Betraying the Game, filamu ya BBC Africa Eye iliyotokana na upelelezi wa Mghana Anas Aremeyaw Anas, maisha yake yanaanzia hapo na kuishia papo hapo.

Filamu ilitoka wiki ya kwanza ya Juni 2018. Kombe la Dunia lilikuwa linafunguliwa Moscow tarehe 14. Katika hizo siku chache katikati, Marwa akajiondoa kwenye orodha ya waamuzi, na kufikia Agosti CAF ilikuwa imemfungia maisha. Kenya haijawahi kufuzu Kombe la Dunia. Njia yetu ya kuonekana pale ilikuwa ni yeye, mtu mmoja mwenye kibendera, anayekimbia kando ya mstari huku dunia nzima ikiangalia mahali pengine.

Nimeirudia filamu hiyo hivi karibuni kwa sababu AFCON ya 2027 inakuja kwetu, sisi na Uganda na Tanzania, na kila mtu anaongea kuhusu viwanja. Saruji, viti, paa, taa. Sijasikia mtu akiuliza kuhusu watakaopuliza filimbi. Nikataka kuona kama filamu iliyotuonyesha aibu ya marefa wetu ilituonyesha pia marefa wenyewe. Jibu langu ni kwamba haikutuonyesha. Ni mtego mzuri sana, mtego uliostahili kutegwa, lakini kama hadithi ya watu, ni nusu ya filamu.

Nianze na kilicho chema, maana hapa mtaani kuna wasee wanapenda kusema Anas ni mchonganishi tu. Upelelezi wake ulichukua karibu miaka miwili. Waamuzi na maofisa wapatao mia moja walinaswa, wengi wao wakipokea pesa. Kwesi Nyantakyi, aliyekuwa rais wa chama cha soka cha Ghana na mmoja wa wakubwa wa CAF, alionekana akiweka dola 65,000 kwenye mfuko wa plastiki. Jionee mwenyewe: pesa ambazo zingenunua kiwanja Milimani na chenji ibaki, kwenye mfuko wa kubebea sukuma wiki. Serikali ya Ghana ikachukua hatua ya kukivunja chama. FIFA ikamfungia Nyantakyi maisha, ingawa baadaye mahakama ya michezo ikaipunguza adhabu hiyo hadi miaka 15.

Na kuna damu kwenye kazi hii. Ahmed Hussein-Suale, mmoja wa wapelelezi wa Anas, alipigwa risasi na kufa Accra tarehe 16 Januari 2019, miezi kadhaa baada ya mbunge Kennedy Agyapong kuonyesha picha yake kwenye televisheni. Anas mwenyewe hutokea hadharani uso ukiwa umefunikwa kwa pazia la shanga, na ukiujua mwisho wa Hussein-Suale, huwezi tena kuziita shanga zile madoido. Kwa hivyo ninapoikosoa filamu, siikosoi kama mtu anayeona kazi ile ilikuwa rahisi. Ninaikosoa kwa sababu wenzetu walihatarisha maisha kutuletea picha, na picha hizo zilipopangwa, zikapangwa kwa haraka.

Angalia inavyoendelea. Refa anaingia, anasalimiana, bahasha inatoka, bahasha inapokelewa, jina na nchi vinaandikwa kwenye skrini. Anayefuata. Mtu wa tatu, wa nne, wa kumi, hadi unaanza kuhesabu noti badala ya watu. Kipimo cha filamu ni kiasi cha pesa. Lakini hata kipimo hicho haikitumii sawasawa, maana dola 65,000 za rais wa chama na dola 600 za mshika kibendera zinawekwa kwenye kapu moja, kama vile mwizi wa kuku na mwizi wa hazina waliingia kwa mlango uleule. Kisheria, sawa, wote wamekosa. Kihadithi, hao ni watu wawili tofauti kabisa. Mmoja ndiye aliyeimiliki nyumba. Mwingine alipanda ngazi miaka mingi hadi akafika sebuleni.

Ngazi hizo ndizo filamu haina muda nazo, na mimi ndizo nilitaka kuziona.

Migori kwa msomaji wa Nairobi ni jina la basi la usiku tu, kwa hivyo nieleze kidogo. Ni kaunti inayoshika Ziwa Victoria kwa mkono mmoja, kule Sori na Muhuru Bay, na kwa mkono mwingine inapanda kwenda Kuria, ambako mpaka wa Tanzania uko karibu kuliko ofisi yoyote kubwa ya Kenya. Katikati ni Awendo na miwa yake. Awendo kulikuwa na SoNy Sugar, timu iliyochukua ubingwa wa ligi mwaka 2006, halafu Novemba 2019 ikafukuzwa ligini kwa kushindwa kufika kwenye mechi. Hiyo ndiyo hali ya mpira wa huku: bingwa anaweza kukosa nauli. Sasa toa mtu kwenye kaunti hiyo, mpe kazi ya ualimu, mpe kibendera, na umfikishe Brazil 2014, alikokwenda akiwa mwamuzi msaidizi wa akiba. Kuna hadithi pale au hakuna?

Watu hufikiri mshika kibendera ni refa aliyeshindwa kuwa refa. Nimewahi kuishika hiyo kazi, Nyalenda, kwenye mashindano ya mtaa yaliyodhaminiwa na mgombea fulani wa udiwani. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili na ninaandika kwa malipo ya kusubiri, kwa hivyo 300 bob na soda kwa mechi haikuwa pesa ya kucheka. Kibendera changu kilikuwa kipande cha fulana ya njano kwenye kijiti. Nilichojifunza ndani ya dakika kumi ni kwamba kazi ile haifanywi kwa macho pekee. Jicho lazima likae kwa beki wa pili kutoka mwisho, ukimhesabu na golikipa, na unatembea naye kama kivuli, ubavu ubavu, kifua kikiangalia uwanja. Mpira wenyewe unapigwa huko mbali, mita thelathini, arobaini. Huwezi kutazama vyote viwili. Sikio ndilo linakuambia mguu umegusa mpira, na papo hapo unapiga picha ya mstari kichwani: nani alikuwa wapi. Kisha mkono unainuka au hauinuki. Na nyuma yako, umbali wa kukurushia ganda la muwa, kuna wanaume wanaoujua ukoo wako.

Hiyo ni Nyalenda. Ngazi ya FIFA kuna mtihani wa mbio kabla hujagusa kibendera. Mwamuzi msaidizi mwanamume anakimbia mita 30 mara tano, kila moja isizidi sekunde 4.7. Kuna mbio za kwenda na kurudi, za mbele na za ubavu, ndani ya sekunde 10. Halafu mzunguko: mita 75 kwa sekunde 15, tembea mita 25 kwa sekunde 20, rudia mara 40. Mara arobaini! Fanya hivyo ukiwa mwalimu ambaye asubuhi ana kipindi, jioni ana vitabu vya kusahihisha, na uwanja wa mazoezi ni ule wa shule wenye mteremko na ng'ombe. Sijui mchezaji mangapi wa ligi yetu wangepita. Mtihani huu ungekuwa sinema peke yake, na haungemsafisha mtu yeyote. Ungetuonyesha tu kilichokuwa kimewekwa kwenye mizani siku ile bahasha ilipotoka.

Filamu iliyojua kufanya hivyo ipo, na tena inaongea kuhusu uamuzi wa utata uliotikisa nchi nzima. Ni filamu ya Ubelgiji ya mwaka 2009, Les Arbitres, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Kill the Referee. Inawafuata waamuzi kwenye Euro 2008. Katikati yake yuko Howard Webb, sajenti wa polisi kutoka Yorkshire, kwenye mechi ya Austria na Poland pale Vienna, 12 Juni. Bao la Poland lilikuwa la kuotea na kibendera hakikuinuka. Kisha dakika za nyongeza Webb akawapa Austria penalti, ikawa 1-1, na waziri mkuu wa Poland, Donald Tusk, akasema hadharani kwamba usiku ule alitamani kuua. Filamu inatuingiza kwenye mawasiliano ya masikioni, inatupeleka kwa familia, inatuonyesha waamuzi kama timu ya watu wanaotaka kushinda kitu. Kuna mgogoro mtamu sana ndani yake: Uhispania ilipoitoa Italia kwa penalti, refa Mhispania Mejuto González akakosa nafasi ya fainali kwa sababu nchi yake imesonga mbele, na Mwitaliano Rosetti akaipata kwa sababu nchi yake imetoka. Hebu fikiria kukaa mbele ya televisheni ukiomba timu ya taifa lako ifungwe, na usiweze kumwambia mtu.

Miaka miwili baadaye Webb akachezesha fainali ya Kombe la Dunia Johannesburg. Mwaka 2022 akakabidhiwa kuwaongoza waamuzi wa Uingereza. Yaani yeye alikosea mbele ya Ulaya yote, akatengenezewa filamu iliyomfanya mtu, akapanda. Najua mtaniambia kosa la jicho si sawa na kosa la mkono. Nakubali, na nitafika huko. Hoja yangu kwa sasa ni ya sanaa tu: hata mtu akianguka, mtazamaji hawezi kuhisi anguko kama hajaonyeshwa urefu. Betraying the Game inamwonyesha Marwa akiwa tayari yuko chini.

Sisi wenyewe tuna tabia hiyohiyo, tusiwasingizie BBC. Uliza Kondele kuhusu derby ya Machi 2012, Gor na Leopards, uwanja wa Nyayo. Utaambiwa Ali Abondo alipewa kadi nyekundu, viti vikang'olewa, mechi ikasimama karibu nusu saa, na Gor ikaadhibiwa. Utaambiwa hata nani alikuwa amekaa wapi na alipoteza kiatu gani. Mchezaji ana jina, kocha ana jina, shabiki aliyekamatwa ana jina la utani mpaka leo. Refa anaitwa "yule refa." Bunge la wananchi la Oile linaweza kuchambua bajeti ya kaunti kifungu kwa kifungu, lakini likifika kwa refa linasema amekula, linapita. Amekula nini, kwa nani, kwa njaa gani, hakuna anayeuliza. Marefa wa ligi yetu wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba posho zinachelewa, na habari hiyo huwa ni mistari minne chini ya picha ya mfungaji.

Na kama refa hana jina, mshika kibendera hana hata kivuli. Chukua bao la mkono la Maradona, Azteca, 22 Juni 1986. Refa alikuwa Mtunisia, Ali Bin Nasser. Aliyekuwa na kibendera ni Mbulgaria, Bogdan Dochev. Bin Nasser amesema mara nyingi kwamba alimtazama Dochev apate ishara, akaona Dochev anarudi katikati, akakubali bao. Dochev naye alisema taratibu za wakati ule hazikumpa nafasi ya kumbishia refa. Hawakuwahi kuelewana. Sasa angalia miaka ilivyowatendea. Mwaka 2015 Maradona alimtembelea Bin Nasser nyumbani Tunisia, wakakumbatiana, akampa jezi. Mwaka 2022 Bin Nasser akaupeleka mpira wa mechi ile mnadani London, ukauzwa kwa pauni milioni 2 hivi. Kosa limegeuka pensheni! Dochev alikufa 2017 akiwa na uchungu wake, na hakuna aliyempelekea jezi. Tofauti kati yao ilikuwa filimbi na kitambaa.

Kuna pia Janny Sikazwe wa Zambia, ambaye marafiki zangu bado wanamtumia kama kikaragosi cha WhatsApp. Januari 2022, Limbe, Cameroon, Tunisia na Mali: akamaliza mechi dakika ya 85, akairudisha, akaimaliza tena kabla ya 90 kutimia. Tukacheka. Baadaye ikajulikana joto lilikuwa limempiga hadi akapoteza mwelekeo, na angeweza kufa. Mwaka uleule akachezesha Kombe la Dunia Qatar. Kinachosahaulika ni kwamba Novemba 2018 CAF ilikuwa imemsimamisha kwa tuhuma za rushwa baada ya nusu fainali ya Espérance na Primeiro de Agosto, kisha ikamwondolea tuhuma hizo. Kwa hiyo Sikazwe ana hadithi yenye sura tatu au nne: tuhuma, kusafishwa, joto, Qatar. Unaweza kumchukia au kumpenda, lakini ana pa kusimama.

Haya, tufike kwa pesa.

Kinyozi wangu wa Kibuye, ambaye ni mzee wa K'Ogalo tangu enzi za Mandela Cup 1987, nilimweleza ninachoandika. Hakuacha hata kunyoa.

"Omera, pesa ni pesa," akasema. "Alichukua ama hakuchukua?"

"Alichukua, jaduong'."

"Basi unaandika nini?"

Ni swali zuri, na sitalikimbia. Kanuni za maadili za FIFA zilizokuwa zikitumika wakati ule ziliruhusu zawadi ndogo, za ishara tu, lakini kuhusu pesa taslimu hazikuacha mlango: kiasi chochote, kwa namna yoyote, hapana. Si lazima pawe na mechi iliyouzwa. Si lazima pawe na kibendera kilichoinuliwa kwa uongo. Kwenye sehemu ya Marwa hatuonyeshwi hata kuotea kumoja kulikonunuliwa, na kwa kanuni ile haihitajiki kuonyeshwa. Pesa ikishaingia mkononi, kila kibendera utakachoinua kesho kina bei inayoweza kuulizwa. Kwa hivyo mimi sioni CAF walikosea. Mtu wa mstari ana mali moja tu, kwamba akisema mguu ulitangulia, sote tunanyamaza. Akiipoteza hiyo, arudi darasani.

Lakini swali la kinyozi linaishia pale filamu ilipopaswa kuanza. Alichukua, ndiyo. Ilikuwaje mtu akimbie mita 75 mara 40, mwaka baada ya mwaka, alinde jina hadi mlango wa Kombe la Dunia la pili, kisha apime yote hayo na dola 600? Kwa kiwango cha Juni 2018 hizo ni kama shilingi elfu sitini. Posho ya siku chache za mashindano yale ingezimeza. Kwa hivyo hesabu ya ulafi haikubali. Kuna kitu kingine kilichofanya kazi mle ndani, na nadhani ni kile ambacho kila mtu wa huku anakijua bila kufundishwa: ugumu wa kukataa kinachotolewa kwa adabu.

Rushwa ya kwetu haiji ikijiita rushwa. Ina majina ya ukarimu. Chai. Kitu kidogo. Ya soda. Ya macho. Asante. Huku kwetu kwa Kijaluo kuna asoya, neno ambalo halijifichi, na labda ndiyo maana husikii mtu akilitumia wakati anatoa. Hulitumia wakati mwingine ametoa. Tanzania walifika mbali zaidi, wakaiweka takrima ndani ya sheria ya uchaguzi, mgombea aruhusiwe kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, hadi Mahakama Kuu ikaitupilia mbali mwaka 2006, maana hakuna aliyeweza kuonyesha ukarimu unakoma wapi. Majaji walilazimika kukaa na neno moja na kulikamua. Anas alikuwa na karibu watu mia kwenye kamera, wakisema maneno haya kwa lafudhi za nusu ya bara, wakicheka kidogo, wakiomba radhi, wakimtaja Mungu au urafiki. Ile ni hazina. Ni kamusi ya jinsi Mwafrika mwenye cheo kidogo anavyopokea. Na filamu inaikata kila mara ili kuwahi noti.

Waliokataa ndio walionisumbua zaidi, hao wachache sana. Wanapita kama takwimu. Ningetoa dakika kumi za Nyantakyi nipewe dakika mbili za mtu mmoja aliyesukuma bahasha ile nyuma. Alitumia maneno gani? Alimwitaje aliyempa, kaka, bosi, rafiki? Maana kukataa kuna lugha yake pia, na sisi hatujaisomea. Kule Nyalenda, kocha wa timu moja alinisogelea kabla ya nusu fainali akiwa na noti iliyokunjwa mara nne, akaniambia ni ya kulainisha koo, jua kali. Nilimwambia koo langu liko sawa, coach. Akanitazama kama nimemtukania mama. Mechi nzima alinipigia kelele kwa kila kibendera, kile cha haki na kile cha kumpendelea, na baada ya mechi hakuna mtu wa timu yake aliyenishika mkono. Nilienda nyumbani na 300 yangu, na aliyeonekana mkorofi pale uwanjani alikuwa mimi.

Nimesikia hoja kwamba kamera ya siri yenyewe ndiyo tatizo, kwamba Anas huwajaribu watu kisha huwauza. Machi 2023 jaji mmoja wa Accra, alipoitupa kesi yake dhidi ya Agyapong, aliita upelelezi wake aina ya ugaidi. Sinunui hoja hiyo. Aliyetegwa kwa pesa bado alikuwa na mikono miwili, na mmoja ungeweza kubaki mfukoni. Malalamiko yangu yako baada ya mtego: ukishamkamata mtu, una deni la kumwangalia. Magazeti ya Kenya yalikuwa na nafasi hiyo pia. Yaliandika aibu kwa siku tatu, Urusi ikaanza, Ufaransa ikachukua kombe, tukasahau. Leo andika jina lake kwenye intaneti uone. Kurasa zinarudia aya moja, dola zilezile, kamera ileile, kama kwamba kabla ya bahasha hakukuwahi kuwa na Jumamosi hata moja.

Mtu akinipa kamera na miezi sita, nisingeanza na hoteli. Ningeanza Awendo, uwanja wa Green, mechi ya daraja la chini ambayo haina televisheni. Kamera ingekaa kwa mshika kibendera pekee dakika 45 nzima, mpira uonekane tu unapopita kwenye fremu. Tumsikie anavyohema. Tuone shingo inavyogeuka kila anapomtafuta refa, na vidole vinavyohamisha kibendera kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia ili refa akione. Tusikie wanachomwita watu wa nyuma yake, kwa Kijaluo, kwa Kikuria, kwa Kiswahili, bila kuficha matusi. Mapumziko aende kukaa na wenzake chini ya mti, anywe maji, ajibu simu ya nyumbani. Kipindi cha pili kibao cha wachezaji wa akiba kinapanda, mtu anakuja kumpa mkono, na kamera isishuke kuangalia kama kuna kitu kiganjani. Ibaki usoni.